Siku Sita za Yuniti Tisa

Shamba la Toste, California
14 Januari 2016

Mpendwa Shangazi Sista Ines,

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni mzima, na natumaini ninyi kumi na mmoja huko ndani ya ugo wa monasteri mko wazima pia, hata Sista Perpetua na kifua chake.

Samahani kwa kuchelewa kuandika. Chuo kimefunguliwa Jumatatu na hii ndiyo nusu ya mwisho ya mwaka wangu wa pili. Wewe ulipita hapa hapa Tres Acequias, unajua mambo ya chuo cha jamii: unapewa misimu miwili ya kucheza, ikiisha unavua jezi na kuaga. Mpira wa kikapu wangu unaisha Februari. Tuko nafasi ya nne kwenye ligi, na timu nne za juu ndizo zinazoingia mchujo. Kocha Hatcher anasema kocha wa chuo kikuu cha kaskazini atakuja kwenye mchujo kuwatazama wachezaji watatu: Shondra nahodha wetu, msichana mmoja wa timu nyingine, na mimi. Akinipenda, nitasoma na kucheza miaka miwili mingine. Asiponipenda, nitabaki na ng'ombe wa baba mpaka nizeeke nao.

Picha yako bado ipo kwenye ukumbi wa kuingilia uwanjani. Mabingwa 1983, na wewe katikati, jezi namba 14, umeinua mpira na mdomo wazi kama unamfokea mtu. Sasa namba 14 ni yangu, na kila siku ya mechi naigusa fremu kabla ya kuingia. Hujawahi kunisimulia ile fainali. Baba anasema ulifunga kikapu cha mwisho zikiwa zimebaki sekunde mbili. Nisimulie basi, hata kwa ukurasa mmoja.

Baba hajambo, anakusalimu. Ana shughuli nyingi, ndiyo maana maziwa yenu ya Jumamosi atayaleta Mzee Silveira kwa muda.

Mwanao,
Delfina

*

Monasteri ya Mlima wa Waridi
23 Januari 2016

Delfina mwanangu,

Milele na milele, amina. Sista Perpetua kifua kimepona, sasa analalamika goti. Tunamshukuru Mungu kwa mabadiliko.

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa namenya viazi, ndiyo maana sasa ina madoa. Mama Mkuu amekubali tuwaombee Tres Acequias kila siku ya mechi, lakini Sista Agnes ametoka upande wa mahasimu wenu na nina wasiwasi anawaombea wale wengine.

Ile picha ningependa usiishughulikie sana. Ni ya zamani, na fremu yenyewe bila shaka ina vumbi. Cheza na mikono yako, si na yangu. Ya fainali tuyaache. Kuna mengi ya kuomba kuliko kikapu cha mwaka 1983.

Sasa niambie, shughuli gani hizo za Gil? Mdogo wangu ameleta maziwa haya mwenyewe tangu nilipoingia humu, hata wiki aliyomwoa mama yako. Mzee Silveira ameyaweka kwenye dirisha letu la kuzunguka, lile la kupokelea vitu bila kuonana, bila kuaga, nikasikia gari linaondoka kama limeibiwa.

Usishangae mwandiko wangu. Sista wa mapokezi ana taipureta nzuri na kila mara ananicheka: mtu aliyesoma chuo, kupiga chapa hajui! Namwacha acheke.

Kumbuka Kwaresima inaanza tarehe kumi Februari. Kuanzia hapo hatuandiki wala hatusomi barua mpaka Pasaka. Zitakazokuja huwekwa kwenye kopo la biskuti bila kufunguliwa. Kama una neno, liseme mapema.

Shangazi yako,
Sista Ines

*

Shamba la Toste
2 Februari 2016

Shangazi mpendwa,

Tumesogea mpaka nafasi ya tatu! Jumatano tulishinda kwa pointi moja, na pointi yenyewe ni yangu: mtupo wa adhabu, ukumbi mzima unazomea, mpira ukazunguka kwenye chuma kama unafikiria, ukaingia. Jumamosi tulishinda tena, kwa kumi na mbili. Shondra alinibeba mgongoni mpaka kwenye basi huku anapiga kelele, "Mpisheni Mama Maziwa! Mpisheni!" Ndilo jina wanaloniita, kwa sababu wanadai nanukia banda.

Mengine ni madogo tu. Somo la hisabati la saa mbili asubuhi lilinishinda, nikaliacha Jumanne ya wiki iliyopita na kuandika jina langu kwenye orodha ya kusubiri darasa la mchana. Jana Jumatatu nafasi ikapatikana, nikaingia. Mwalimu wa mchana ni mpole na hatupi chaki.

Baba hajambo. Shughuli ni zile zile za shamba.

Mwanao,
Delfina

*

Monasteri ya Mlima wa Waridi
8 Februari 2016

Delfina mwanangu,

Naandika haraka, keshokutwa ni Jumatano ya Majivu. Nimefurahi mpaka nimekemewa kwa kucheka kwenye ngazi.

Mechi zilizobaki cheza kama ni zako. Usimpe mtu sababu ya kukutoa uwanjani. Hilo tu ndilo nililo nalo.

Na mwambie Gil kwamba mimi nimefungiwa, sijapofuka. Jumamosi nne sasa hajaleta maziwa mwenyewe.

Nakuombea, na kimya changu usikihesabu kuwa ni hasira.

Sista Ines

*

Shamba la Toste
16 Februari 2016

Shangazi,

Najua barua hii inaingia kwenye kopo la biskuti. Labda ndiyo maana naweza kuiandika.

Kwanza nilikudanganya. Baba hana shughuli yoyote. Tarehe tisa Januari mtamba mmoja alimbana kwenye vyuma vya banda, mguu ukavunjika mahali pawili. Aliniapisha nisikuambie. "Atateseka bure mle ndani," alisema, "hawezi kutoka kuja kuniona, na mimi siwezi kupanda kile kilima." Tangu siku ile nakamua mimi na Mzee Silveira kila alfajiri, kisha naoga na kwenda chuo. Ndiyo maana hisabati ya saa mbili ilinishinda. Nililala juu ya meza mara tatu, na mara ya tatu mwalimu alinifunika na koti langu mwenyewe.

Sasa sikiliza. Jana tulikwenda kwenye dirisha la Bi. Vang, msajili wa wanamichezo, kuhakikiwa kwa ajili ya mchujo. Mchezaji lazima awe na yuniti kumi na mbili za masomo. Akanitazama kwenye kompyuta, akasema, "Toste, kumi na mbili, sawa," akagonga muhuri. Nyuma yangu walikuwa wanasukumana, nikabaki uso umebanwa kwenye tangazo la ukutani. Ni kanuni zile zile tulizotia sahihi Agosti, ukumbi mzima, kalamu moja, hakuna aliyesoma. Inasema mchezaji akishuka chini ya yuniti kumi na mbili msimu ukiendelea, hata kwa siku moja, hastahili kucheza mpaka azirudishe. Na mechi aliyocheza siku hizo, timu inapokonywa ushindi.

Hisabati ni yuniti tatu. Kwenye orodha ya kusubiri hujasajiliwa, unasubiri tu. Kuanzia Jumanne ile mpaka Jumapili nilikuwa na yuniti tisa. Siku sita. Ndani yake nilicheza Jumatano na Jumamosi.

Hakuna anayejua. Bi. Vang huangalia orodha kila Jumatatu mchana, na Jumatatu mchana nilikuwa nimesharudi kumi na mbili. Tukipokonywa mechi hizo mbili tunaanguka nafasi ya sita na mchujo umekwisha, kwangu na kwa Shondra na kwa kumi wengine ambao hawakufanya kosa lolote.

Nilimwambia baba. Alikuwa kwenye kiti, mguu juu ya ndoo.

"Kuna mtu amekuuliza?" akasema.

"Hapana, baba."

"Basi. Mtu hajibu asichoulizwa."

"Lakini sikustahili kucheza."

"Hukustahili! Umekamua ng'ombe mia na themanini, ukaenda darasani, ukaenda uwanjani, halafu hukustahili? Nani basi anastahili? Shangazi yako hakutoka uwanjani hata alipovunjika kidole!"

Akawasha televisheni na sauti akaipandisha. Najua alikuwa anajilaumu kwa sababu ya mguu.

Nimeisoma barua yako ya mwisho mara nyingi. Usimpe mtu sababu ya kukutoa uwanjani. Jana niliona unaniambia ninyamaze. Leo sina hakika. Laiti ungeweza kunijibu! Leo mchana nilikwenda kusimama mbele ya picha yako. Nilisimama mpaka mfagiaji akaniomba nipishe. Nikajiuliza, huyu mwanamke, aliyeacha kila kitu akaenda kuishi nyuma ya ukuta kwa ajili ya Mungu, angenyamaza?

Asingenyamaza. Kesho nakwenda kwa Bi. Vang.

Delfina

*

Chuo cha Jamii cha Tres Acequias
Ofisi ya Usajili wa Wanamichezo
19 Februari 2016

Kwa: Delfina Toste
YAH: KUSTAHILI KUCHEZA, MPIRA WA KIKAPU WANAWAKE

Kufuatia maelezo uliyoyatoa mwenyewe tarehe 17 Februari, ofisi imethibitisha kuwa kuanzia tarehe 26 hadi 31 Januari ulikuwa umesajiliwa kwa yuniti tisa. Chuo kimeitaarifu ligi. Ushindi wa tarehe 27 na 30 Januari umefutwa na kupewa wapinzani. Timu sasa ni ya sita katika msimamo na haitashiriki mchujo.

Kwa kuwa ulizirudisha yuniti zako tarehe 1 Februari, unastahili kucheza mechi iliyobaki.

Pa Nhia Vang
Msajili

(Kwa mkono, chini ya barua:) Delfina, niko kwenye dirisha hili mwaka wa ishirini na mbili. Wanafunzi huja hapa wakilia kwa sababu nimewakamata. Hakuna aliyewahi kuja kujikamatisha mwenyewe. Nilitamani nisiandike barua hii, nimeiandika mara mbili. Na safari nyingine ukitaka kuacha somo, pita kwangu kwanza. Hata kama ni saa yangu ya chakula. P.N.V.

*

Shamba la Toste
6 Machi 2016

Shangazi,

Barua ya pili ya kopo.

Kocha Hatcher hakunifokea. Alivua miwani, akasema, "Utawaambia wewe." Basi niliwaambia chumbani mwa kubadilishia nguo, wote wamekaa, wengine kiatu kimoja mguuni. Nilitaka kueleza habari za baba na ng'ombe lakini niliona inakuwa kama naomba kuhurumiwa, nikasema yuniti tu na tarehe.

Shondra ndiye aliyesimama. "Ngoja. Hakuna aliyekukamata?"

"Hakuna."

"Yaani umekwenda mwenyewe. Kwa miguu yako."

"Ndiyo."

"Mama Maziwa, una wazimu? Yule kocha alikuwa anakuja kunitazama na mimi! Mimi! Ungeniuliza kwanza!"

Hapo ndipo nilipolia, kwa sababu ni kweli. Sikumuuliza. Nilikuwa nimeshughulika na roho yangu nikasahau kwamba mchujo si wangu peke yangu. Alitupa kiatu kikapiga kabati, akatoka na kimoja tu mguuni.

Mechi ya mwisho nilicheza. Hakuna aliyenipa mpira mpaka nusu ya pili. Tulifungwa. Nilivua jezi nikaikunja, na sikuigusa fremu yako wakati wa kutoka, maana niliona nimeiaibisha namba yako.

Baba hakusema nami siku tano. Siku ya sita alijikokota na magongo mpaka bandani, akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kunielekeza namna ya kushika chuchu kama kwamba sijawahi kukamua maishani. Hiyo ndiyo suluhu yake, na mimi niliipokea.

Na jana, maktabani, Shondra alikuja kukaa kwenye meza yangu. Akasukuma kitabu cha hisabati mbele yangu. "Namba saba imenishinda," akasema. "Sijakusamehe, usijidanganye. Nieleze namba saba." Nikamweleza. Akasema bado nanukia banda.

Sijui kama nilifanya vema. Nakuomba ukifungua kopo uniambie ukweli, si maneno ya kunifariji.

Delfina

*

Monasteri ya Mlima wa Waridi
28 Machi 2016, Jumatatu ya Pasaka

Delfina mwanangu,

Kristo amefufuka, na mimi jana niliketi na kopo la biskuti mapajani nikasoma barua zako zote kabla ya chakula. Wenzangu walikula mikate mitamu ya Pasaka aliyoleta Silveira. Mimi sikuweza.

Umeniomba ukweli. Nakupa, na ninaomba uketi chini.

Mwaka 1983, muhula wa fainali, nilikuwa na yuniti kumi na mbili kwenye karatasi. Mbili kati yake zilikuwa za kupiga chapa, kila Alhamisi. Nilikwenda Alhamisi moja tu. Baba yetu alikuwa mgonjwa na nilikuwa nakamua, kama wewe. Lakini sikuliacha somo, maana ningeshuka kumi na kutolewa. Rafiki yangu, jina lake si langu kulitoa, alikuwa anaitika jina langu na kutia sahihi yangu kila wiki. Siku ya mtihani aliufanya mara mbili, kwa jina lake na kwa langu. Nilijua kanuni. Nilikuwa nimeisoma kabisa, tofauti na wewe. Kikapu kile cha sekunde mbili nilikifunga nikijua kwamba sikutakiwa kuwa uwanjani.

Ndiyo maana sijui kupiga chapa mpaka leo, na Sista wa mapokezi anacheka bila kujua anachokicheka.

Nilimwungamia padri kabla ya kuingia utawa na nikasamehewa. Lakini kusamehewa si sawa na kusema. Picha ilibaki ukutani, nami nikajiambia niko nyuma ya ukuta, haya si yangu tena. Nilipokuandikia usimpe mtu sababu ya kukutoa uwanjani, nilikuwa nakuambia jambo hili hili kwa kujificha: angalia masomo yako yawe kamili. Sikuwa na ujasiri wa kukuambia wazi, na ujanja wangu ukakuchanganya. Nisamehe. Kisha wewe ukaenda kusimama mbele ya picha ya mtu mwongo, ukamuuliza kama angenyamaza. Alinyamaza, mwanangu. Miaka thelathini na mitatu.

Ulifanya vema. Ila Shondra naye ana haki, ulipaswa kumwambia yeye kwanza. Yote mawili ni kweli na huwezi kuyapunguza.

Ndani ya bahasha hii kuna barua yangu kwa Bi. Vang. Nimeandika yote, isipokuwa jina la rafiki yangu. Mama Mkuu ameisoma, akaniuliza kama nina hakika. Barua hiyo haijafungwa. Isome. Ukiona itakuumiza pale chuoni, ichome, nami sitakuuliza kamwe. Kama huoni hivyo, ipitishe dirishani kwake.

Ya Gil nilikuwa nimekisia mguu au mgongo. Mwambie huku ndani hatuteseki bure, tuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo inahitaji kuambiwa nani ameumia.

Idalina, kama nilivyoitwa kabla ya utawa, shangazi yako

*

Shamba la Toste
12 Aprili 2016

Shangazi,

Barua yako nilikaa nayo siku nne. Ya kwanza nilikuchukia, nakuambia wazi kwa kuwa tumekubaliana kuambiana wazi. Niliwapotezea wenzangu mchujo kwa kumwiga mtu ambaye hakuwepo. Siku ya pili nilimsomea baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Idalina? Idalina wetu?" akatoka nje na magongo yake, na nilimwona anazungumza na ng'ombe.

Siku ya tatu nilikuwa nakamua, nikafikiria: na yeye alikuwa anakamua. Ana miaka ishirini, baba yake mgonjwa, amelala juu ya meza ya darasa. Hasira ikakosa pa kukaa.

Siku ya nne niliipeleka barua. Bi. Vang aliisoma amesimama. Akasema, "Ninyi akina Toste mtaniua." Kisha akavua miwani akafuta macho, akasema kanuni haina tarehe ya kwisha, nimwachie yeye.

Mabingwa wa 1983 sasa ni ile timu mliyoifunga kwenye fainali. Chuo kiliwapigia simu wenzako wanne wa kwenye picha. Wawili wamekasirika sana. Mmoja alicheka mpaka simu ikamponyoka. Na mmoja alisema anajua tangu siku ile, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa anatia sahihi, na aliomba anwani ya monasteri. Labda barua yake itakufikia kabla ya hii.

Picha imeondolewa Ijumaa. Bi. Vang alinipa nikiwa napita, imefungwa kwenye gazeti. Baba ameitundika bandani juu ya bomba la maziwa, pale ng'ombe wanapoingilia. Anasema sasa umerudi kazini. Asubuhi ya leo niliigusa fremu kabla ya kuanza kukamua, mkono ulikwenda wenyewe.

Kocha wa kaskazini amemwandikia Shondra, aje afanye majaribio Mei. Mimi hajaniandikia. Nimelia, nimemaliza. Hisabati nimepata alama nzuri katika mtihani wa nusu muhula na nitahitimu. Shondra anasema atalitaja jina langu huko akifika, akikumbuka, na kwamba hatakumbuka.

Jumamosi baba atakuja na maziwa mwenyewe. Daktari amemwachia gongo moja. Mama Mkuu ametuandikia kwamba tunaruhusiwa chumba cha wageni kwa saa nzima, kwa ajili ya Pasaka. Baba atakaa dakika kumi, atalia, ataenda kusubiri kwenye gari, unamjua. Mimi nitabaki upande wangu wa ule wavu wa chuma unaowatenga ninyi na wageni.

Nataka unisimulie ile fainali. Yote, tangu mlipoingia uwanjani.

Delfina